Asubuhi Toleka Zilipofukuzwa Avenyu Kuu

Nilikuwa nimesimama kando ya avenyu kuu ya Kisangani, kamera shingoni, nikisubiri wageni waliokuwa wakija kutazama kama mji wetu unafaa kwa uwekezaji. Nilifanya kazi katika ofisi ya habari ya mji, na kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kupiga picha za sura yake mpya. Lami ilikuwa bado inanuka. Taa za sola zilisimama safu mbili. Maduka ya kale yenye nguzo, ambayo kuta zake zilibaki na matundu ya risasi tangu vita, yalikuwa yamezibwa matundu hayo na kupakwa rangi hata mwenyeji asiyatambue.

Mkuu wangu alikwisha kutuambia kwamba toleka zisionekane katika picha yoyote. Toleka ni baiskeli zinazobeba abiria nyuma, juu ya keria iliyofungwa mto wa kukalia. Zilienea mji ulipoanguka, viwanda vikiwa vimefungwa, petroli haipatikani na meli hazipandi tena mto kwa wingi. Jina lenyewe, kwa Kilingala, maana yake ni "tupite". Kwa mkuu wangu, ambaye hakuwa mtu mkatili, baiskeli hizo zilitangaza njaa yetu kwa mgeni. Basi ikatoka amri kwamba siku ile toleka zisikanyage avenyu kuu, na atakayekaidi atanyang'anywa baiskeli.

Baba yangu ni mwendesha toleka. Zamani alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipopunguza watu alinunua baiskeli. Ndiyo iliyonisomesha hadi chuo kikuu. Nilipompelekea habari ya amri, nilijikaza nikingoja hasira yake. Haikuja. Aliuliza kama taa mpya zinawaka kweli, kisha akasema atafanya kazi upande wa soko, hana haja na avenyu.

Kwa hiyo nilipomwona akitokea njia ya pembeni, amesimama juu ya pedali, nilijua kuna jambo. Nyuma yake alikaa mama jirani yetu, amemkumbatia bintiye mdogo ndani ya kitenge. Mtoto yule alikuwa akija kucheza uani kwetu. Sasa kichwa kilikuwa kimeanguka nyuma, macho meupe, meno yameumana. Degedege. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya avenyu, karibu kabisa, lakini polisi walikuwa wamevuta kamba, na baiskeli zilizokamatwa zilirundikwa kando yake.

Polisi mmoja alishika usukani. Baba hakubishana naye. Nilisikia sauti yake, ya chini na ya heshima, akimwachia baiskeli.

"Chef, chukua velo. Sisi tutavuka na miguu."

Polisi akasema hakuna kuvuka, msafara umekwisha kutoka uwanja wa ndege. Mama wa mtoto alisema mtoto wake anakufa. Polisi akatazama pembeni, kama mtu anayetamani asiwe pale.

Nilipoanza kwenda, mkuu wangu, aliyekuwa amesimama karibu nami, alinishika kiwiko. Alinong'ona kwamba nisijiingize. Nikienda, yeye ndiye atakayeulizwa.

"Yule mzee ni baba yangu," nikamwambia.

Hakuwa amejua. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema. Mkono wake ulilegea, nikapita.

Mama wa mtoto alikuwa anatetemeka mno hata nikaogopa atamwangusha mtoto, nikampokea. Mwili ulikuwa moto na mgumu kama kuni. Nikamwambia polisi, "Mimi iko wa mairie, ofisi ya meya. Navusha huyu mutoto. Kama iko makosa, ni yangu." Sikungoja jibu. Niliinama chini ya kamba, mama nyuma yangu. Baba alibaki, kwa sababu polisi alikuwa amemzuia pamoja na baiskeli.

Tulipofika katikati ya barabara, ving'ora vikasikika, na magari ya kwanza yakatokea kwenye kona. Ng'ambo, askari mmoja aliinua bunduki hadi kifuani. Alikuwa anatutazama na hajaamua. Miguu yangu ilitaka kukimbia.

"Usikimbie!" baba akapaza sauti nyuma yangu. "Tembea. Aone ni mutoto."

Nikatembea. Niligeuza kitenge ili uso wa mtoto uonekane, nikamtazama askari machoni, nikaendelea kutembea. Bunduki ilishuka tulipokuwa tumekwisha kufika kwake. Magari yalipita nyuma yetu, na upepo wake ukapuliza sketi yangu.

Hospitalini walimchoma sindano, wakamtundikia damu, kwa kuwa malaria ilikuwa imeimaliza yake. Tulikaa kwenye benchi na mama yake. Jua lilipokuwa linageuka, mtoto alilia, na yule mama akainuka akamkimbilia.

Mtu alikuwa ametupiga video. Kufikia jioni ilikuwa katika simu za mji mzima, kuanzia Mangobo hadi Lubunga. Wengine walisema nimeuaibisha mji, wengine wakasema hiyo ndiyo picha pekee ya kweli ya siku ile. Mkuu wangu aliniita akaniambia nimeharibu kazi ya watu wengi. Kisha akafunga mlango, akauliza mtoto anaendeleaje. Nilihamishiwa dirisha la kuandikisha vizazi, na kamera ikapewa mwingine.

Baiskeli ya baba ilirudishwa bila gurudumu la mbele. Aliitengeneza. Amri iliyokuwa ya siku moja haikufutwa na mtu, na mpaka leo toleka hupita vichochoroni.

Miezi baadaye aliniomba twende kwa miguu kutazama avenyu jioni. Chini ya taa wanafunzi walikuwa wakisoma, na wanawake wakiuza mikate. Alitembea polepole, mikono nyuma, akisoma vibao vya maduka kwa sauti.

"Iko muzuri, mama," akaniambia. Hivyo ndivyo anavyoniita mimi bintiye. "Iko muzuri sana."

Polisi alikuja upande wetu. Aliitazama suruali ya baba, ambayo mguu mmoja bado ulikuwa umefungwa kwa mpira usiingie kwenye cheni. Nikamshika baba mkono bila kujua. Polisi akasalimu, akapita. Baba akaitikia salamu na kuendelea kusoma vibao. Mimi sikuuachia mkono wake hadi tulipofika nyumbani.