Panya wa Safu ya Maji

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa wanyama katika maabara ndogo nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Kila asubuhi nilitoka mtaa wa Satellite kwa miguu, sweta nimeifunga hadi shingoni, na nikifungua mlango harufu ya mkojo wa panya na maranda waliyolalia inanipokea. Wageni walishika pua. Mimi hadi leo nikipita karakana ya seremala, natamani kurudi kule.

Mkuu wangu alikuwa mzee wa Mombasa, mpole, aliyekuja kila siku na mahamri ya mkewe tukanywea chai ya saa nne. Ndiye aliyenifunza kazi. Panya weupe tuliwatia minyoo wa jamii ya safura, kisha nusu yao wakapewa dawa iliyokuwa ikijaribiwa, nusu maji matupu. Baada ya siku chache waliuawa, tukahesabu minyoo waliosalia matumboni.

Katika safu ya maji kulikuwa na jike mmoja aliyenyong'onyea. Nilipokuwa mdogo, kwetu magharibi, safura iliwahi kuniangusha hata nikawa nala udongo. Unyonge ule niliujua. Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri, nikampa yule jike dawa.

Siku ya kuhesabu, mzee aliinua uso kutoka kwenye darubini.

"Huyu alipewa maji tu. Minyoo wake wamekwenda wapi?"

"Nilimpa dawa, mzee. Nilimwonea huruma."

Akavua miwani, akaifuta polepole. "Ungeniambia, binti yangu. Sasa hesabu yote haiaminiki. Itabidi tuwatie minyoo panya wengine, tuanze upya."

Afadhali angenifukuza. Jike wangu alikuwa amekufa kama wenzake, na kwa ajili ya huruma yangu wengine wangeugua.

Alikwenda mwenyewe kumweleza daktari aliyesimamia utafiti. Sijui alisema nini, ila kazi sikuipoteza. Juma lililofuata niliwatia panya wapya minyoo kwa mkono wangu, naye kando yangu, akinishikia mmoja mmoja nisiumwe.

Tulikaa pamoja miaka minne zaidi, hadi alipostaafu akarudi pwani. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo, akauliza kama panya wamekula. Nikamwambia wamekula, nikageukia dirishani asinione nikilia.