Mama Mabaki na Programu Tatu

Katika karakana ile ya makabati ya chuma na kofia za kuvuta moshi jikoni, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Mabaki, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kupanga vipande juu ya bati kabla halijakatwa. Alikuwa na vielelezo vya kadibodi vilivyotundikwa ukutani kwa misumari, mamia kwa mamia. Alivilaza juu ya bati, akavizungusha, akavisogeza, akarudi nyuma hatua mbili na kutazama kwa jicho moja. Akiridhika, alichora. Kipande kilichosalia, hata kikiwa na upana wa kiganja, hakukiacha kiende kwenye chuma chakavu. Alikipima, akakiandika ukubwa wake kwa kalamu ya wino, akakisimamisha kwenye rafu iliyokuwa karibu na mlango.

"Leo ni baki," alikuwa akisema, "kesho ni bawaba."

Kisha ikaja mashine ya leza. Hiyo haikuhitaji mtu achore. Ilipokea mchoro kutoka kwenye kompyuta na kukata bati kwa mwanga, kama wembe kwenye karatasi. Ila programu iliyokuja nayo ilikuwa vivu. Ilipanga vipande mstari kwa mstari kama watoto wa shule kwenye gwaride, na kati ya mistari ikaacha nafasi za kutosha kupitisha mkokoteni. Nyuma ya karakana lundo la vyuma chakavu likaanza kupanda. Mwendesha mashine, pande la mtu mwenye sauti laini waliyemwita Cheche, alikuwa akitoka na toroli huku akitikisa kichwa.

"Mama, tunalisha jalala," alimwambia. "Na jalala halishibi."

Asubuhi moja Bosi Mdogo akamwita Mama Mabaki ofisini. Bosi Mdogo alikuwa na mvi tayari, lakini baba yake ndiye aliyeanzisha karakana, na "mdogo" ilikuwa imemganda.

"Kaa, mama."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Moyoni alikwisha kuiaga kazi.

"Kuna programu maalumu za kupanga vipande kwenye bati," Bosi akasema. "Wauzaji watatu wananishawishi, na kila mmoja anasema yake ndiyo baba lao. Mimi nikitazama skrini naona rangi tu. Nataka wewe uchague."

"Mimi? Bosi, hata rimoti ya televisheni mume wangu hunificha."

"Kompyuta atabonyeza mwingine. Wewe utatazama bati."

Jioni alirudi nyumbani. Mumewe, fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa dirishani akishona kola.

"Wananitaka nichague kitu cha kunitoa kazini," akamwambia.

Mume akakata uzi kwa meno. "Mtu akitaka kukutoa hakuulizi utoke kwa mlango gani. Wamekuamini, mama watoto. Sasa nikuulize. Mteja ameniletea kitambaa cha maua, na maua yote yanatazama juu. Naweza kuulaza ubavu mkono mmoja wa shati ili nibanie kitambaa?"

"Thubutu! Atakuvalisha wewe hilo shati."

"Basi kawaulize kama programu zao zinajua maua yanatazama wapi."

Alicheka, lakini neno lilimwingia. Kesho yake alikataa mifano yote ambayo wauzaji walikuwa wametuma. "Mfano wa muuzaji ni kama picha ya harusi," alimwambia Bosi, "kila mtu kajipaka mafuta." Badala yake akachagua kazi zilizowahi kumuumiza kichwa: milango kumi na sita ya chuma cha pua chenye michirizi, kofia ya moshi yenye mapindo, na vibanio vidogo mia mbili. Juu ya hayo akaongeza baki moja kutoka rafuni mwake, limenyofolewa kona. "Na hili nalo ni bati," akasema. "Wanioneshe watalifanyaje."

Muuzaji wa kwanza alikuja na viatu vilivyong'aa na maneno mengi. Akabonyeza, vipande vikakimbia kwenye skrini kama mchwa waliofunuliwa, na vikatulia mahali pake kabla mtu hajapiga chafya. Vidogo vikaingia ndani ya matundu ya vikubwa.

"Asilimia tisini na mbili!" akatangaza. "Bati limeliwa lote, mama!"

Bosi akapiga makofi. Mama Mabaki akauliza habari za lile baki. Muuzaji akalitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha mguu mmoja, akasema programu yake inataka bati zima.

Programu ya pili haikuwa ndani ya kompyuta. Ilikaa huko mbali mtandaoni. Mtandao wa karakana nao ulikuwa na tabia zake. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Cheche akaenda kunywa chai, akarudi, akakikuta bado kinazunguka. Muuzaji huyo akaomba radhi mara nne na kufunga mkoba.

Wa tatu alikuwa dada mmoja mwembamba aliyeitengeneza programu yake mwenyewe na wenzake wawili. Skrini yake ilikuwa ya kijivu, haina mbwembwe. Kabla ya kubonyeza chochote alimgeukia Mama Mabaki.

"Mama, michirizi ya bati lako inaelekea wapi? Na mabaki huwa unayatunza?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo. Alijibu taratibu, dada akiandika. Programu ikachukua muda wake, kisha ikatoa asilimia themanini na sita.

Bosi akafuta mikono. "Basi hesabu imesema. Ya kwanza imeshinda."

Bosi ni bosi, na muuzaji wa kwanza alikuwa bado amesimama pale akitabasamu. Lakini Mama Mabaki aliijua ile methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu huyu alikuwa amejitembeza sana.

"Bosi," akasema, "asilimia haifungi mlango. Tukate kwanza."

Wakakata mpango wa kwanza. Milango ilipotoka, Mama Mabaki akaisimamisha ukutani mmoja mmoja, mwanga wa dirisha ukaipiga. Kumi na mmoja michirizi yake ilishuka wima. Mitano ilikwenda mlalo. Ilionekana kama makabati ya familia mbili zilizogombana.

"Hilo dogo," muuzaji akasema haraka, "kuna mahali pa kuzuia kuzungusha." Akazuia. Asilimia ikashuka mpaka themanini na moja.

Vibanio vilifuata. Vilikuwa vimebanana mno, na joto likaanza kukunja bati. Kimoja kilipokatika kikainama, kikasimama kwa ubavu, na kichwa cha mashine kilikuwa kinakuja mbio upande ule ule.

"Simamisha!" Mama Mabaki akapiga kelele.

Cheche alishakipiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima. Kichwa cha mashine kikasimama, kikabakiza upana wa kidole.

"Hiyo nayo inarekebishika," muuzaji akasema, akivitazama viatu vyake.

"Najua inarekebishika," Mama Mabaki akajibu, bila kinyongo. "Lakini programu yako haikuuliza, na wewe hukusema."

Mpango wa yule dada ulikata vizuri. Milango yote kumi na sita ilitazama upande mmoja, na vibanio vilibaki vimeshikiliwa na vijisehemu vyembamba ambavyo havikukatwa, unavimega kwa mkono kazi ikiisha. Lile baki lisilo na kona likatoa vibanio kumi na kimoja. Kisha dada akafanya jambo ambalo Mama Mabaki hakulitarajia: akainuka kitini.

"Kaa wewe, mama. Shika hiki kipanya. Sogeza unachotaka."

Akakaa. Kipande kikateleza kwenye skrini, kikaruka mpaka pembeni. Akakirudisha. Akasogeza kingine, akazungusha cha tatu, akaegemea nyuma na kufumba jicho moja. Palikuwa na nafasi. Kibanio kimoja zaidi kikaingia, kisha kingine, na asilimia ikapanda ikawa themanini na saba.

"Hii inakubali kuambiwa," akasema, na uso ukamchanua.

Bosi Mdogo alijikuna kichwa, akatazama milango ukutani, akatazama skrini. "Mama, nilikwambia uchague. Umechagua."

Nisidanganye, haikuwa mteremko baada ya hapo. Wiki mbili za kwanza kipanya kilimkimbia kama kuku wa kuchinjwa. Na mwezi wa tatu alifanya kosa lake kubwa. Kuzungusha kipande na kukipindua uso chini ni vitu viwili, naye akaruhusu kupindua pasipostahili. Milango ishirini ikatoka michirizi ikitazama ndani ya kabati na matundu ya bawaba kushoto badala ya kulia. Hakumtuma mtu, alikwenda ofisini mwenyewe.

"Nimeharibu milango ishirini. Si mashine, si programu. Ni mimi."

Bosi akauliza, "Utafanyaje?"

"Nitaiandikisha yote kama mabaki. Nipe wiki tano."

Ilichukua sita. Mlango baada ya mlango ukageuka vibanio, mihimili ya rafu na vifuniko vya feni, mpaka ukaisha wa mwisho. Cheche alimwita Mama Kushoto kwa muda wote huo, na yeye akamwachia, maana utani wa mtu anayekupenda hauumi.

Sasa meza yake iko kando ya dirisha la kati. Magoti, ambayo saruji ilikuwa imeyachosha kwa kusimama kutwa, yamepoa. Anapanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, na mumewe amekwisha kuacha kumwandalia maji ya moto ya kukanda. Nyuma ya karakana lundo limepungua, na mahali pake mafundi wameweka benchi mbili wanapokula chakula cha mchana.

Yule dada wa programu humpigia simu mara kwa mara, akitaka kujua kinachomkera. Juzi alipiga saa saba, Mama Mabaki akiwa benchini, Cheche akimbishania kuhusu mpango wa asubuhi. Dada alitaka maoni kuhusu kitufe kipya cha kupindua: kiulize mara moja, au mara mbili?

"Mara mbili," Mama Mabaki akasema, mdomo umejaa. "Lakini ngoja nimeze kwanza, yako mengine manne."