Nilisoma insha ya mwanafunzi wangu darasani, sasa mama yake anataka niseme ni ya kutunga

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mkufunzi katika chuo kimoja hapa Songea. Nafundisha uandishi wa insha. Darasani nina vijana wa hapa mjini, wa Mbinga, wa Nyasa, na mmoja tu wa upande wa Tunduru, binti wa miaka 21.

Muhula uliopita niliwaambia waandike jambo la kweli lililowatokea. Wengi waliandika kipaimara, mahafali, safari. Yule binti aliandika kwamba mdogo wake wa miaka sita ni mtoto wake wa kumzaa. Mama yake alimchukua akasema ni wa kwake, ili binti arudi shule. Mtoto anamwita dada, naye anaitika. Miaka yote niliyofundisha sijasoma insha kama ile.

Nikaisoma mbele ya darasa. Jina sikulitaja, nikadhani inatosha. Lakini ndani ya insha mlikuwa na mikorosho na madrasa ya kijijini kwao, na wa Tunduru darasani ni yeye peke yake. Sijafika ukurasa wa pili, watu wameshageuka kumtazama. Niliwaona. Nikaendelea kusoma hadi mwisho, na mpaka leo sijui kwa nini.

Siku hiyohiyo ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Wiki haikuisha ikafika kijijini kwao. Binti akafunga begi akarudi nyumbani.

Mama yake akanipigia. Hakunitukana. "Mwalimu, mtoto kaambiwa na wenzake, hali chakula. Nakuomba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, njoo uwaambie ndugu kwamba ilikuwa hadithi ya kutunga, ya darasani. Wewe watakuamini."

Nikampigia binti. Akasema, "Shikamoo, mwalimu. Najua mama alichokuomba. Usije kusema ni uongo. Mtoto kaniuliza, nimemwambia ndiyo, mimi ndiye mama yako. Sasa ukikana wewe, mimi nitakuwa nani kwake?"

Sijalia. Naenda kazini, nasahihisha, nakula, nalala. Mama anapiga kila Ijumaa baada ya swala kuuliza naja lini, nami namjibu wiki ijayo. Jana nimemwambia nakuja Jumamosi, na safari hii nakwenda kweli. Watakuwepo wote watatu, na ndugu wamekaa wananisubiri.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nikifika niseme nini?