Saa Moja ya Mkono wa Baba

Jana nilishuka treni Kilosa, likizo, na tangu stesheni nikaisikia injini ya shamba la mkonge. Inavuma sauti moja tu, kutwa. Nangoja lori la Mikumi, nimeshachoka nayo.

Wewe hukuisikia ilipokuwa mikononi mwa baba. Yeye ndiye aliyeendesha injini ya korona, mashine ya kukamulia majani ya mkonge. Majani yakijaa injini hulemewa, baba anaongeza mvuke kwa wenzo, yakipungua, anapunguza. Sauti ilipanda na kushuka kama mtu anapumua. Kisha wenye shamba wakafunga chuma kinachorekebisha mwendo wa injini chenyewe. Baba alikipokea vizuri, ila kila asubuhi, saa ya kwanza ya kazi, alikifungua akaendesha mwenyewe. "Mkono usije ukasahau." Nyumbani mama alipikia sauti ile: ikinyooka tu, anajua saa imepita, anaepua viazi.

Jirani yetu, aliyelisha majani korona, alimtania. "Mzee, chuma kina akili siku hizi! Kaa uvute kiko."

"Na kikilewa?"

Lakini bega lilimvimba. Jioni mama alimkanda kwa maji ya chumvi, chumba kizima kikinuka mkonge mbichi. Nilikuwa darasa la nne, mbele za watu sisemi, ila siku moja baba aliniuliza, "Haya, msomi wangu, niache kuendesha kwa mkono?"

Nikasema, "Chuma hakichoki, baba. Wewe unachoka."

Akacheka. Akaacha kweli. Nilijiona mkubwa mwezi mzima.

Mwaka uliofuata kile chuma kilikwama, injini ikaanza kukimbia. Tuliusikia mlio ukipanda, mama akasimama na mwiko mkononi. Baba alikuwa palepale, lakini anasema mkono uliutafuta wenzo kama uko nyumba ya watu. Alipoushika, mkanda wa injini ulishakatika, umemvunja jirani mkono.

Jirani hakumlaumu. "Kililewa kweli, mzee," basi.

Baba akaacha kazi, akaenda kulima mtama Mikumi. Hajawahi kunitajia maneno yangu, nami sijathubutu kumwomba radhi. Kesho nitamwamkia, tutakaa barazani. Lori likipanda mlima, mkono wake utaanza kusogea juu ya goti, taratibu, ukiufuata mlio. Haukosei hata kidogo. Nami nitaangalia pembeni, kama likizo zote.