Chumvi ya Bi Siok-ngo

Bi Siok-ngo alikuwa na ulimi, hilo halina ubishi. Alipochoka kuuza tambi hapo kisiwani Kinmen, alivaa kizibao cha wanaojitolea kuongoza wageni katika hifadhi ya taifa, na kila Jumamosi alisimama mbele ya nyumba kongwe ya ukoo wa Ong akiwaliza watu.

"Mume wa Bibi Kim-hoa alikwenda Penang, akaoa huko," alisema. "Bibi akaweka mkono kwenye kizingiti hiki hiki, akaapa: hata akifa, asirudi mlangoni kwangu!"

Wageni waliguna, wengine wakafuta macho. Mwenzake wa zamu, Bwana Tan, alizoea kumchokoza.

"Siok-ngo, mchuzi wako una chumvi jamani!"

"Usio na chumvi utaula wewe?"

Ukweli ni kwamba Kim-hoa hakumlaani mtu. Mama yake Siok-ngo alikuwa jirani, naye alisimulia jinsi bibi yule, kila mkesha wa mwaka mpya, alivyomwekea mumewe bakuli na vijiti vya kulia mezani, mpaka mauti yakamchukua. Lakini bakuli halikumliza mgeni. Laana ilimliza, basi Siok-ngo akaitunga.

Jumamosi moja, hadithi ilipokwisha na wageni wakaanza kupiga picha, mwanamume mmoja aligeuka kuondoka, amekumbatia mfuko wa kitambaa chekundu.

"Kaka, mbona huingii ndani?" Siok-ngo aliuliza.

"Siingii, shangazi. Huyo mume ni babu yangu. Nimeleta majivu ya ubani tuliomfukizia Penang, niyachanganye na ya bibi mkubwa, roho yake irudi kwao. Baba aliniusia hivyo akiwa kitandani. Lakini bibi mwenye nyumba kashakataa. Mimi ni nani nimlazimishe?"

Siok-ngo alihisi uso ukiwaka. Angenyamaza, nani angejua? Bwana Tan alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu yule akafika getini, Siok-ngo akamkimbilia.

"Mwanangu, ngoja! Hakulaani. Nimetunga mimi."

"Umetunga?"

"Nilitaka watu walie." Akamweleza habari ya bakuli mbele ya wageni aliokuwa amewaliza muda si mrefu.

 Mtu yule aliingia, akachukua pale kwenye madhabahu ya ukoo vile vipande viwili vya mti vya kuulizia wafu, akamuuliza bibi kama anampokea mzee. Akavirusha. Kimoja chali, kingine kifudifudi: amekubali, tena mara ya kwanza. Akamimina majivu kwenye chetezo cha bibi huku akilia bila kujificha.

"Nisamehe, mwanangu," Siok-ngo alisema.

Mtu yule akajifuta uso, akamnyooshea vile vipande.

"Mimi umeshaniomba. Aliyesingiziwa ni yeye. Muulize."

 Miaka yote ile Siok-ngo aliingia humu kila Jumamosi, na hakuwahi kumwambia bibi yule neno hata moja. Akapiga magoti, akamtaja Kim-hoa kwa jina, akamwomba radhi, akavirusha.

Vyote viwili vikalala kifudifudi. Amekataa.

Wageni na Bwana Tan walikuwa wamejaa mlangoni.  Siok-ngo akatambaa, akaviokota, akaanza kuomba upya.