Mama Alipopalilia Utafiti Wangu

Nilisomea nyasi. Nasema hivyo mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Chuoni kwetu Dodoma wenzangu walisomea sheria, uhasibu na udaktari. Mimi nilisomea namna ya kuotesha na kutunza nyasi za viwanja: za kuchezea mpira, za mbele ya ofisi, za bustani ambako watu hukaa kupumzika. Bwenini waliniuliza kama nitaajiriwa na ng'ombe. Niliwajibu kwamba ng'ombe akiridhika hula akanyamaza, tofauti na mabosi watakaowapata wao.

Mdomo nimejaliwa, na kujiamini pia nimejaliwa. Nikipita Mtumba nikaona majengo mapya ya wizara, na udongo mwekundu ukitimka hadi madirishani kila upepo unapovuma, niliona kazi yangu imejaa pale. Wengine walifunga vioo vya gari. Mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani wapi pa kuanzia.

Kijijini kwetu, njia ya Mtera, hakuna mtu anayetaka jani karibu na nyumba. Uwanja unafagiliwa kila asubuhi mpaka udongo unabaki mtupu na mgumu, na majani yakiota mlangoni majirani huja kuuliza mwenye nyumba anaumwa nini. Shambani ndiyo usiseme. Nimepalilia uwele na karanga na mama tangu nikiwa mdogo, na adui yetu mkubwa alikuwa ukoka, lile jani linalotambaa na kutia mizizi kila kifundo chake kinapogusa ardhi. Ukilikatakata ukaliacha hapo hapo, umelipanda upya. Kwa hiyo sisi ukoka hatuulimi tu. Tunaung'oa, tunaukung'uta udongo, tunaurundika pembeni, na ukishakauka kabisa tunauchoma.

Ukoka huohuo ndio niliouchagua kwa utafiti wa mwaka wa mwisho. Maji ya kisima chuoni yalikuwa ya chumvi na hayakutosha, nikataka kuonyesha kwamba maji yaliyokwisha kuogewa bwenini, yakichujwa vizuri, yanaweza kuotesha uwanja. Nilipewa kipande cha ardhi nyuma ya mabweni, ukubwa wa chumba cha darasa. Msimamizi wangu, mama mmoja mkavu tuliyemwita Dokta, alinipa sharti moja tu. Siku atakayokuja kukagua kabla ya mitihani, asione udongo. Akiuona, ningerudia utafiti mwaka unaofuata, na wenzangu wangevaa majoho nikiwapigia makofi.

Sikuwa na wasiwasi. Kufikia mwezi wa kwanza ukoka ulikuwa umekwishakamata karibu kote, na nilikuwa naupita kila asubuhi nikiusemesha. Ndipo mama akaja kunitembelea.

Alikuwa amemaliza palizi ya kwanza, mvua imekatika kidogo kama kawaida yake, akaona aje kuniona kabla ya palizi ya pili. Aliniletea karanga na mlenda mkavu wa kunitosha muhula mzima. Nilimpeleka kwenye kipande changu kwa madaha, nikamwambia, "Mama, hapa ndipo ninapofanyia kazi ya chuo." Akaangalia, akaguna, akaniuliza kama wenzangu nao wana vipande vyao. Nikamwambia wanavyo. Akaguna tena. Nilikuwa na kipindi saa nne, nikamwacha amekaa kivulini, jembe langu la kunyooshea kingo limeegemea uzio.

Niliporudi mchana nilimkuta amefunga khanga kiunoni, jasho linamtiririka, na nusu ya utafiti wangu imelimwa. Imelimwa kwa ufundi, lazima niseme. Hapakuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa laini, umesawazishwa, uko tayari kwa mbegu, na ukoka wote ulikuwa umekung'utwa na kurundikwa pembeni ukingoja kukauka.

"Umechelewa sana kupalilia, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeona haya kwa ajili yako. Watu wanapita hapa."

"Mama, umeniua!"

"Nimekuua nini? Nimekulimia."

Nilipiga kelele mpaka wanafunzi wakachungulia madirishani. Nilimwambia ndiyo hayo majani ninayoyasomea, ndiyo hayo Dokta anayokuja kuyapima, na yeye ameyang'oa yote. Mama alisimama na jembe mkononi akinitazama kama ninayeweweseka kwa homa. "Ukoka?" aliuliza. "Wamekupa chuo kikuu, halafu ukapanda ukoka?" Nikamwambia ndiyo. Akaketi chini palepale alipolima, akafunika mdomo kwa upindo wa khanga, na nilipoona macho yake hasira yote ikanitoka. Niliona uchungu, kwa sababu huyu mtu alikuwa amepiga jembe juani akidhani ananiokoa.

Halafu nikalitazama rundo. Nikaingiza mkono katikati, kukawa na ubaridi. Juu ukoka ulikuwa umenyauka, lakini ndani bado ulikuwa mbichi. Kama angeutandaza juani, shughuli ingekuwa imekwisha.

"Mama," nilisema, "huu ukirudi ardhini si unaota?"

"Unaota! Unadhani mimi huwa nauchomea nini?"

Nilikimbia kuleta panga na magunia yaliyoloweshwa. Tukaufunika ukoka, nikaanza kuukata vipande, kila kipande na vifundo viwili vitatu, na kuvilaza kwenye mifereji midogo, ncha moja nje. Mama alikubali kuchimba mifereji, kumwagilia, hata kukata. Kupanda alikataa.

"Huu mkono umepanda uwele, umepanda karanga, umepanda alizeti," alisema. "Ukoka hapana."

Sikubishana naye, jua lilikuwa linashuka na vipande vilikuwa vinakauka. Nilipanda mstari baada ya mstari mpaka mgongo ukagoma, nikasimama kujinyoosha. Nilipoinama tena nilimkuta amechuchumaa mbele yangu, anafukia kipande, anakikandamiza kwa kidole gumba, huku ananong'ona Kigogo. Nilimsikia akiomba radhi kwa marehemu bibi. Nilicheka nikashindwa kusimama, naye akacheka, na tukamaliza pamoja.

Dokta nilimweleza kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. "Andika kama ilivyotokea," alisema. "Ila siku ya ukaguzi haisogei." Nikamjibu kwamba haina haja ya kusogea. Alinitazama juu ya miwani, akaondoka.

Mama alikaa nami siku chache zaidi ya alizopanga, anabeba ndoo asubuhi na jioni, halafu ikabidi arudi kwenye shamba lake. Aliondoka udongo ukiwa bado mwekundu. Kituoni alinishika mkono, akapanda basi, na najua alikwenda njia nzima na mzigo huo moyoni. Mimi nilimwagilia. Niliweka mbolea kidogo kidogo, nikafukuza mbuzi wa watu, nikafukuza na wanafunzi waliotaka kupita njia ya mkato. Vikatoka vijani vya kwanza, vyembamba, vikaanza kutambaa kutafutana. Wenzangu walikuja kuniambia nimwombe Dokta aniongezee muda. Sikumwomba.

Siku ya ukaguzi alikuja na fremu yake ya waya ya kupimia majani, akaitupa huku na huku, akichuchumaa kila mara kutazama kilichomo ndani. Alitambua mara moja nusu iliyolimwa, kwa kuwa rangi yake ilikuwa nyepesi zaidi. Hapo alitupa fremu mara nyingi kuliko kwingine. Mwishoni alichomeka vidole katikati ya majani, akayapanua, akatafuta udongo kwa uvumilivu wa kuudhi. Kisha akajifuta mikono. "Umefaulu," alisema, na ndiyo siku pekee niliyoyaona meno yake.

Nilimpigia mama palepale. Nilimsikia akiita kwa sauti majina yote ya mbinguni, halafu akaanza kulalamika.

"Mimi huku nina kesi," alisema. "Niliporudi niliwaambia akina mama wa jumuiya waniombee, ukoka wa mwanangu uote. Walinicheka, lakini wakaomba. Kila wiki wakaomba. Sasa mvua imerudi, ukoka umejaa kila shamba, na wote wanasema ni mimi."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Kwamba wanawake wale, ambao migongo yao imepindwa na jani hilo, walipiga magoti kuliombea lisitawi kwa ajili yangu! Jumamosi nilipanda basi kwenda kijijini, nikapalilia mashamba ya jumuiya nzima, na ukoka niliung'oa mmoja mmoja, nikaukung'uta udongo, na ulipokauka nikauchoma.