Swichi ya Mama Yake Bi Waya

Bi Waya si jina lake, ni sisi majirani tuliompa, na kalizoea. Kibanda chake cha kutengeneza simu na redio kimepakana na changu cha ushonaji, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko anavyotaka. Ni mtu wa kuokotaokota. Tupa feni mbovu leo, kesho mota yake inazungusha kitu kingine kwake. Taa ya choo chake inawaka yenyewe ukiingia, na ukikaa sana inajizima. Usiniulize nimejuaje.

Shida ilianza mama yake alipoteleza jikoni, akalala sakafuni mpaka mpita njia aliposikia sauti. Mama anaishi peke yake mtaa wa nyuma. Kaka yake Bi Waya, dereva wa lori, akasema yamekwisha, mama anahamia kwake. Mama akagoma. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, matofali wakifyatua wenyewe. Bi Waya akamwomba kaka yake ampe nafasi, ataitengeneza nyumba imwangalie mama.

Akaitengeneza kweli. Taa za ukumbini zikawa zinawaka mtu akipita, na kidude juu ya mlango wa chumba kikawa kinamletea meseji kila mama akitembea. Alijisifu mpaka masikio yakaniuma.

Jamani, alipima kila kitu isipokuwa mama yake! Mama yule akitoka, hata dukani tu, anazima swichi kuu ya nyumba. Akienda kulala, anazima. Watu humwita mkono wa birika, lakini wanamwonea. Ni woga tu, maana zamani waya uliwahi kuunguza pazia lake.

Siku moja akaenda kumjulia hali mgonjwa, akazima kama kawaida. Kidude kikanyamaza. Bi Waya akapiga simu, haipokelewi, roho ikawa juu juu. Akamwita kaka yake, wakavunja mlango, nami nyuma yao na futi yangu shingoni. Mama aliporudi alitukuta tumesimama juu ya mbao za mlango wake.

"Mama, funga mizigo," kaka akasema.

Mama akakaa kwenye kiti cha jikoni, akalia. Hata kwenye msiba wa mumewe sikumwona akilia vile. Niliumia, na nilimkasirikia Bi Waya na vidude vyake.

Kesho yake Bi Waya akachomeka simu kuukuu kwenye chaja nyumbani kwa mama. Simu ile ilikuwa na kazi moja tu: chaji ikikatika itume meseji, ikirudi itume nyingine. Swichi ikizimwa, mama katoka au kalala. Ikiwashwa, mama yupo. Mama hakufundishwa lolote, aendelee tu na ukaidi wake. Nikauliza, je, umeme ukikatika mtaa mzima? Akaniuliza kwani hapa kibandani yeye atakuwa nao; ukikatika kwake pia, atajua si mama aliyezima.

Kaka akanung'unika, lakini mlango aliupachika upya mwenyewe, na mizigo ikafunguliwa.

Mama naye akawa na swali. "Na wewe unayelala peke yako, mimi nitajuaje kama umeamka?"

Bi Waya akacheka, mama hakucheka. Basi akamwekea kandokando ya kitanda taa ndogo ya betri, inayowaka kibanda kikifunguliwa asubuhi.

Juma lililopita, asubuhi moja, kibanda hakikufunguliwa. Mimi, jirani mzima, nilidhani kapitiwa na usingizi. Mara namwona mama anakuja na fimbo yake, kanga kaivaa kinyume, ananiambia taa yake haijawaka. Tukaingia chumbani kwake, nyuma ya kibanda. Bi Waya alikuwa anatetemeka kwa homa, hata maji ya kunywa hana. Mama akaketi kitandani, akamweka kichwa mapajani.

Bi Waya akaipapasa simu yake, akaitazama. Meseji ya mwisho ilikuwa ya alfajiri, ya swichi kuwashwa; ya kuzimwa haikuwepo.

"Mama, hukuzima swichi."

"Iache iwake," mama akasema.